Abunuwasi: Malenga aliyefungwa na wafalme, ngano zikamfanya mshindi wao

JINA la Abunuwasi halihitaji maelezo kwa mtu aliyepitia shule ya msingi nchini Kenya. Iwe ni Lamu, ambako Kiswahili ni lugha ya mama, au ni Lugulu, kando ya barabara itokayo Webuye kuelekea Kitale, ambako watoto wengi huingia darasani wakiwa wameamka na Lubukusu au Lutachoni, jina hilo likitajwa huandamana na kicheko. Ndiye yule ayari aliyeamriwa na Sultani ajenge nyumba hewani. Badala ya kukataa na kukatwa kichwa, alitengeneza tiara kubwa, akaifunga kengele, akairusha hadi ikawa nukta mbinguni. Watu waliposikia mlio huko juu, akawaarifu kwamba hao ni mafundi wake wakigonga nyundo, na kwamba kazi imekwama kwa kukosa mawe na chokaa. Sultani akatoa wapagazi. Wapagazi wakasimama na mizigo vichwani, wakitazama juu, wasijue pa kukanyaga. Mradi ukafia hapo.

Kisichojulikana na wengi ni kwamba Abunuwasi alikuwa mtu wa kweli. Alizaliwa, akasoma, akaandika, akafungwa jela zaidi ya mara moja, akakimbilia uhamishoni, akarudi, na kufa akiwa na umri usiofika miaka sitini. Sultani wa hekaya zake pia alikuwa mtu wa kweli: Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala kutoka Baghdad milki iliyoenea tangu Afrika Kaskazini hadi mipaka ya Asia ya Kati. Ila uhusiano wa wawili hao haukuwa ule wa hekaya. Katika hekaya, mcheshi humshinda mfalme kila siku. Katika maisha, mfalme alikuwa na gereza na mcheshi hakuwa na kitu ila ulimi wake.

Jina lake kamili lilikuwa al-Hasan bin Hani al-Hakami. Wengi wa waliochunguza maisha yake huweka kuzaliwa kwake kati ya 756 na 758, katika mji wa Ahwaz, ambao leo umo nchini Iran. Babake, Hani, alikuwa askari katika jeshi la Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa ukoo wa Umayya, ambao ulipinduliwa mnamo 750. Mamake alikuwa Mwajemi. Baba alifariki mtoto akiwa mdogo, na mama akahamia naye Basra, mji wa bandari ulio kusini mwa Iraq ya leo, akijitafutia riziki kwa kazi za mikono.

Lile jina la al-Hakami lisimdanganye mtu kwamba alikuwa Mwarabu wa nasaba kubwa. Familia yake ilikuwa imefungamana tu na kabila la Hakam, lenye asili ya Yemen, jinsi watu wengi wasio Waarabu walivyojiweka chini ya ulinzi wa makabila ya Kiarabu nyakati hizo. Alikuwa nusu ndani, nusu nje. Alikijua Kiarabu kuliko waliozaliwa nacho, na wakati huohuo alijua kwamba kwa kipimo cha watu wa nasaba yeye alikuwa mtu wa kando. Sehemu kubwa ya kejeli aliyoiandika baadaye ilitoka katika nafasi hiyo.

Lakabu ya Abu Nuwas aliipata akiwa kijana. Maana yake ni mwenye mashungi ya nywele, kwa sababu, kwa masimulizi yanayokubaliwa na wengi, nywele zake zilimwangukia mabegani. Wasimulizi wa Pwani ya Afrika Mashariki waliyaunganisha maneno hayo mawili yakawa Abunuwasi, na kwingineko Banawasi.

Utotoni aliwekwa kazini kwa muuza manukato na dawa mjini Basra. Huko, yasemekana, ndiko alikokutana na mshairi Waliba bin al-Hubab, aliyevutiwa na wepesi wa akili yake na kwenda naye Kufa. Waliba alimfunza ufundi wa kutunga, na vilevile akamzoeza maisha ya ulevi na anasa ambayo hayakumtoka tena. Aliporudi Basra alikaa chini ya mabingwa wa lugha wa zama zile. Alisoma Kurani na hadithi za Mtume, akasoma sarufi, akasikiliza visa vya makabila. Inasimuliwa kuwa aliishi kwa muda jangwani miongoni mwa Mabedui ili akinywe Kiarabu kwenye chemchemi yake.

Mwalimu wake mashuhuri kupita wote alikuwa Khalaf al-Ahmar, bingwa wa mashairi ya kale. Kisa kinachosimuliwa kuwahusu kinafaa kujulikana na kila mwanafunzi wa fasihi. Kijana alipoomba ruhusa ya kuanza kutunga, Khalaf alimkatalia hadi atakapohifadhi maelfu ya beti za wazee. Akaenda, akahifadhi, akarudi kuzighani moja baada ya nyingine kwa siku kadhaa. Alipomaliza akaomba ruhusa tena. Mwalimu akamwamuru aende akazisahau zote. Kusahau kukamchukua muda kuliko kuhifadhi, na aliporudi akiwa hakumbuki kitu, ndipo akaruhusiwa. Huenda kisa hiki nacho ni hekaya, lakini kinaieleza kazi yake vizuri: mashairi yake yamejaa mwangwi wa wazee, na hapohapo yanawacheka wazee hao.

Aliwacheka vipi? Ilikuwa ada tangu kabla ya Uislamu kwamba shairi kubwa la Kiarabu lifunguliwe na mtu aliyesimama kwenye mabaki ya kambi jangwani akimlilia kipenzi aliyehama na ngamia wake. Abunuwasi, mtu wa mjini, aliona ni kichekesho kwa washairi waliolala kwenye magodoro ya Baghdad kuendelea kulilia majivu ya kambi ambazo hawakuwahi kuziona. Yeye alifungua mashairi yake kwa kilabu cha pombe, kwa mwenye kilabu akiamshwa usiku wa manane, kwa rangi ya divai ndani ya gilasi. Tungo zake za mvinyo ndizo zilizomfanya maarufu na ndizo zilizomwingiza taabuni. Alitunga pia tungo za kuwinda, zenye mbwa, vipanga na duma, na wahakiki wengi wanamhesabu kuwa ndiye aliyeufanya uwindaji kuwa bahari ya ushairi inayojitegemea. Aliandika kuhusu mapenzi kwa uwazi ambao hata leo huwatia wachapishaji wasiwasi, yakiwemo mapenzi kwa vijana wa kiume. Na alitunga mashairi ya dhihaka yaliyowakata watu kama wembe.

Baghdad ilikuwa mji mchanga alipofika humo. Ulikuwa umeanza kujengwa mwaka 762 na Khalifa al-Mansur, kwa umbo la duara, kasri na msikiti mkuu vikiwa katikati. Harun al-Rashid alikalia kiti mnamo 786, na karibu na wakati huo ndipo malenga huyo alipokuja kutafuta bahati. Hakukuwa na njia nyingine. Mshairi wa enzi hiyo hakuuza vitabu. Aliishi kwa kumsifu tajiri, na tajiri akiridhika alimtupia mfuko wa dinari. Asiporidhika, mshairi alirudi nyumbani mikono mitupu, kama alikuwa na nyumba.

Mlango wa bahati ulikuwa wa ukoo wa Barmak, mawaziri wenye asili ya Kiajemi walioendesha serikali ya Harun kwa miaka kumi na saba: mzee Yahya na wanawe al-Fadl na Jafar. Ila mlangoni hapo alisimama mtu mwingine, Aban al-Lahiqi, mshairi aliyekabidhiwa kupima tungo za wenzake na kukadiria malipo ya kila mmoja. Aban ndiye aliyeugeuza mkusanyiko wa Kalila na Dimna kuwa shairi kwa ajili ya ukoo huo. Abunuwasi aliona amepunjwa katika mgao, na wawili hao wakarushiana tungo za matusi ambazo Baghdad nzima ilizihifadhi. Naam, hata ugomvi wa washairi ulikuwa burudani ya wenye mali.

Hapa ndipo panapofaa kutua kidogo, kwa sababu ndipo hekaya na historia zinapoachana njia. Mchekeshaji katika jumba la mfalme ni mhusika anayependwa ulimwenguni kote. Mnamo 1948 kampuni ya Columbia ya Hollywood ilitoa filamu fupi iitwayo Squareheads of the Round Table, ambamo Moe Howard, Larry Fine na Shemp Howard wanaingia katika kasri la mfalme wa zama za kale wakiwa waimbaji wa kutangatanga, wakijaribu kumsaidia mhunzi ampendaye binti mfalme. Wanagongana, wanaangushana, wanapigana vichwa, na kwa dakika zisizofika ishirini mtazamaji hana shaka hata kidogo kwamba watatoka salama. Katika vichekesho vya aina hiyo, shoka la mnyongaji huonyeshwa ili kuchekesha tu. Halianguki.

Baghdad lilianguka. Mwezi wa Januari 803, Harun al-Rashid aliwageuka watu wa Barmak katika usiku mmoja. Jafar, aliyekuwa rafiki wa karibu wa khalifa kuliko mtu mwingine yeyote, alikatwa kichwa, na vipande vya mwili wake vikatundikwa kwenye madaraja ya Baghdad kila mpita njia avione. Yahya na al-Fadl walitupwa gerezani na wote wawili wakafia huko. Mali ya ukoo ilitwaliwa. Mpaka leo wanahistoria wanabishana kuhusu sababu. Kwa mshairi aliyekula mezani kwa watu hao, funzo lilikuwa moja, na hakuhitaji kusomewa na mtu.

Inaelezwa kuwa alitunga maombolezo ya ukoo huo ulioangamizwa, na kwamba hilo ndilo lililomlazimu kutoroka. Alikimbilia Misri, ambako al-Khasib, msimamizi wa kodi za ardhi wa nchi hiyo, alimpokea. Kasida alizomtungia al-Khasib ni miongoni mwa kazi zake za sifa zinazokumbukwa zaidi. Hata hivyo, Misri haikuwa Baghdad. Mtu wa mjini hakuupenda mji mwingine, na mashairi ya miaka hiyo yana kiu ya vilabu vya Iraq na vya marafiki aliowaacha.

Je, na Harun mwenyewe? Hekaya zetu zinamweka Abunuwasi ubavuni mwa Sultani usiku na mchana, akiingia kasrini kama anayeingia jikoni kwake. Ukweli ni mkavu zaidi. Tangu 796 Harun alifanya makao yake katika mji wa Raqqa, nchini Syria ya leo, mbali na Baghdad, na muda mwingine alikuwa vitani dhidi ya milki ya Roma ya Mashariki. Ushahidi kwamba mshairi huyo alikuwa mwandani wake ni haba mno. Kinachotajwa mara kwa mara ni kwamba khalifa alimtia jela. Kosa moja lilikuwa kuwadhihaki Waarabu wa makabila ya kaskazini, ambao ndio jamaa ya Mtume na ya khalifa, huku akiwasifu wale wa Yemen ambao jina lake lilifungamana nao. Kosa jingine lilikuwa mvinyo. Pombe iliharamishwa na ilinyweka. Shida ya Abunuwasi ni kwamba aliinywa kwa sauti, kwa vina na mizani, hata wasiojua kusoma wakaimba.

Harun alifariki mnamo Machi 809 akiwa safarini mashariki, huko Tus. Kiti kikaenda kwa mwanawe al-Amin, kijana wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa Malkia Zubeda. Mshairi akarudi Baghdad mbio. Kama palikuwa na wakati ambapo maisha yake yalifanana na zile hekaya, basi ni hii miaka minne ya al-Amin. Mtawala mpya alipenda nyimbo, michezo na usiku mrefu. Aliamuru zitengenezwe mashua za kutembelea mto Tigris zenye maumbo ya wanyama: simba, tai, pomboo na wengineo. Ziligharimu mali nyingi, na Abunuwasi akazitungia shairi la sifa ambalo wanahistoria wameliweka katika vitabu vyao pamoja na habari za vita na kodi. Mtu anaweza kuiona ile picha: khalifa amekaa juu ya mgongo wa simba wa mbao, mto mzima umejaa taa, na kwenye ukingo raia wameachama vinywa.

Lakini hata rafiki huyo alimfunga. Al-Amin alikuwa na kaka wa baba mmoja, al-Mamun, aliyetawala Khorasan upande wa mashariki na ambaye naye alikitaka kiti. Wanahistoria wa kale wanasimulia kuwa wafuasi wa al-Mamun waliyatumia mashairi ya Abunuwasi kama silaha: huko Khorasan yalisomwa hadharani ili watu waambiwe ni mtu wa namna gani aliyekaa karibu na khalifa. Al-Amin, alipoona hasara hiyo, alimkataza mwandani wake kutunga kuhusu mvinyo, na alipokosa kutii akamtia ndani. Mshairi aliandika kutoka gerezani kumwomba waziri al-Fadl bin al-Rabi amsaidie, akiahidi toba na kujitaja kuwa mtu aliyebadilika, kwa maneno ya unyenyekevu ambayo msomaji hana hakika kama ni ya dhati au ni mzaha mwingine. Hapana shaka waziri naye hakuwa na hakika. Aliachiliwa.

Vita vya ndugu hao viliifikia Baghdad mnamo 812. Tahir bin Husein, jemadari wa al-Mamun, aliuzingira mji kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mitaa ikateketea, manjaniki zikarusha mawe juu ya nyumba za raia, chakula kikaadimika. Mnamo Septemba 813 al-Amin alijaribu kujiokoa kwa mashua. Haikuwa yenye umbo la simba. Ilipinduka mtoni, akatolewa majini akiwa amelowa, na usiku huohuo akauawa na kichwa chake kupelekwa kwa kaka yake.

Abunuwasi alimtungia maombolezo. Hayana utani ndani yake. Ni ya mtu aliyempoteza mlinzi na mwenzake, na ni ushujaa wa aina yake kumlilia mfalme aliyeshindwa wakati mshindi yuko njiani. Yeye mwenyewe hakukaa sana. Alifariki Baghdad kati ya 813 na 815, kabla al-Mamun hajaingia mji huo mwaka 819, na akazikwa kwenye makaburi ya Shuniziya. Kuhusu namna alivyokufa, waandishi wa kale walitoa habari zinazopingana: wapo wasemao alifia gerezani, wapo wasemao ni kilabuni, na wengine wanadai kuwa aliuawa kwa sababu ya shairi la dhihaka lililowagusa watu wa ukoo wa Nawbakht, ambao kwa upande mwingine ndio waliotajwa kuyahifadhi mashairi yake. Mtu aliyeishi kwa ulimi hakuachiwa hata kifo kimoja.

Katika diwani yake yamo pia mashairi ya toba, mafupi, ya mtu anayeuangalia mwili ukichakaa na kuomba msamaha wa Mungu. Wapo wanaoyasoma kama ungamo la mwisho. Wengine husema alikuwa stadi wa kila bahari, na toba nayo ni bahari. Si lazima kuchagua upande mmoja.

Katika karne ya kumi wataalamu wawili, al-Suli na Hamza al-Isfahani, walizikusanya tungo zake kila mmoja kwa njia yake. Al-Suli alijaribu kuchuja, kwa kuwa wakati huo tayari kila shairi la mvinyo lisilo na mwenyewe lilikuwa limepachikwa jina la Abu Nuwas. Yaliyoyapata mashairi yaliyapata pia maisha yake. Kila kisa cha mtu mjanja mbele ya mfalme kilitafuta pa kujishikiza, naye alikuwa pale. Katika mikusanyo ya Alfu Lela u Lela anaonekana akiingia na kutoka katika kasri la Harun. Visa vingine ambavyo kwa Waarabu ni vya Juha na kwa Waturuki ni vya Nasreddin, kwa Waswahili vikawa vyake.

Mabaharia na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi ndio waliomleta Pwani, na hakukomea Zanzibar wala Mombasa. Mmishenari Mswisi Henri Junod, aliyekusanya nyimbo na ngano za Waronga wa kusini mwa Msumbiji na kuzitoa mwaka 1897, alimkuta huko akiitwa Bonawasi. Mvinyo ulikuwa umemwagika safarini. Mashairi pia, na vijana, na gereza. Kilichofika ni werevu mtupu. Kwa Kiswahili hekaya zake zilichapishwa kitabuni enzi za ukoloni na kusomwa mashuleni kwa vizazi kadhaa.

Magharibi mwa Kenya, ambako sungura wa ngano alikuwa ameshaifanya kazi hiyohiyo ya kuwazidi akili wenye nguvu, Abunuwasi hakuwa mgeni wa kuelezwa mara mbili. Kiswahili chenyewe kilifika huko na misafara ya biashara iliyokwenda hadi kwenye baraza la Nabongo Mumia wa Wanga, mfalme aliyewakaribisha Waswahili katika miaka ya 1880 na kutawala hadi alipofariki mwaka 1949. Kisha shule za misheni na za serikali zikafuata njia, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za msingi. Mtoto wa Lugulu, wa Misikhu au wa Kitale ambaye hajawahi kuliona jumba la sultani alilijua kupitia kwa mtu aliyekuwa akilitia aibu.

Baghdad nayo haikumsahau. Barabara iliyo kando ya mto Tigris inaitwa kwa jina lake, na sanamu yake, kazi ya mchongaji Ismail Fattah, ilisimamishwa hapo katika miaka ya 1970. Shimo kubwa katika sayari ya Zebaki limepewa jina lake tangu 1976.

Miongoni mwa visa vyote anavyopewa, kimoja kinamhusu akiwa maiti. Katika Alfu Lela u Lela kisa hicho ni cha mtu mwingine, Abu al-Hasan, lakini wasimulizi wengi wamekihamishia kwake, na ni vigumu kuwalaumu. Fedha zimekwisha nyumbani. Abunuwasi anakwenda kwa Sultani akilia kwamba mkewe amefariki, anapewa dinari na kitambaa cha sanda. Mkewe anakwenda kwa Malkia Zubeda akilia kwamba mumewe amefariki, naye anapewa vivyo hivyo. Jioni Sultani na Malkia wanapokutana, kila mmoja anampa mwenziwe pole ya msiba tofauti. Wanabishana, wanawekeana dau, wanatuma watumishi, na watumishi wanarudi na habari zinazopingana. Mwishowe wafalme wenyewe wanafunga safari hadi kwenye kibanda hicho, na kuwakuta wawili wamelazwa ubavu kwa ubavu, wamefunikwa gubigubi. Sultani, aliyeshindwa kujua kama ameshinda dau au ameshindwa, anaapa mbele ya watu kwamba atampa dinari elfu moja yeyote atakayemwambia ni nani kati ya hao aliyetangulia kufa. Sanda moja inasogea. Abunuwasi anaketi kitako, anasema kuwa yeye ndiye aliyetangulia, na ananyoosha mkono apokee fedha zake.